Kiti cha Habiba

"Mafuta ya motokari yako inamwangika pale naanikaka mihogo," Mama Mado alikuwa anasema, beseni la nguo mbichi kiunoni. "Na weye unaniambia mvua njo itaosha. Mvua gani, Papa Sumaili? Ya mwaka gani?"

"Sikusema itaosha yote. Nilisema kiloko."

"Na kamba yangu? Leo bantu bangu bote banaenda ku msiba, ku kilio kwa jirani Léonie, banahitaji nguo. Viti yangu yote iko kule tangu jana, hata kile kimoja cha kuvunjika bamebeba. Nguo nitaanika ku vioo vya motokari?"

"Leo inatoka, mama."

"Inatoka. Tangu Pasaka inatoka. Kuko batoto mu hii parseli bamezaliwa inatoka, sasa banatembea, na yenyewe bado inatoka."

Watu wakacheka. Parseli hiyo, ua mmoja wa Annexe pembezoni mwa Lubumbashi, ina milango minne inayotazamana, na ugomvi wa wawili ni chai ya asubuhi ya wote. Aliyekuwa anapiga mswaki aliusimamisha mdomoni asipitwe na neno. Tuseme ukweli, Mama Mado hakuwa na roho mbaya. Nyumba yake ilijaa mashemeji, wapwa, na wageni kutoka Kasai waliokuja kwa juma moja wakakaa miaka, na kila mmoja alikuwa na nguo za kufua. Kamba ilikuwa moja, na chini yake, katikati kabisa, jeep ya Sumaili ilikuwa imekaa kama ng'ombe aliyelala njiani.

"Na tena," Mama Mado akasema, akishusha sauti kidogo lakini si sana, "muntu iko na nyumba, iko na meza, anaenda kukula bukari yake mu motokari, amefunga na vioo. Bantu banauliza. Miye najibu nini?"

Hilo lilikuwa kweli. Kila jioni Sumaili alichukua sahani yake ya ugali, akapanda jeep, akafunga kioo, akala. Ndani ya nyumba kulikuwa na viti viwili, na kile cha pili kilimtazama. Mwanzoni majirani walimwita. Mama Mado alimwita zaidi ya wote, kwa kuwa kwake hakuna sufuria inayopikwa kwa hesabu ya midomo. Yeye alijibu neno lile lile kila siku, "Nimeshakula," mpaka wakachoka.

Sasa akachukua karatasi zake za jeep, akaenda kwenye jeep, akafungua mlango wa kulia, akapanda, akanyoosha mikono mbele. Mikono ikatafuta usukani, ikashika hewa.

"Upande ingine, papa," Mama Mado akasema, na sasa alikuwa anacheka yeye pia. "Volani ilihama."

Habari ya jeep hiyo ungeipata kwa mtu yeyote mtaani, na angekueleza vizuri kuliko mwenyewe. Sumaili ni fundi wa viti. Babu yake alitoka Maniema na sindano, baba yake akashona magodoro, yeye akashona viti vya magari na makochi ya watu. Habiba, mkewe, alikuwa anakwenda Pweto kwao kuchukua samaki wa kukauka, anapanda lori, anakaa juu ya magunia kama wafanyabiashara wote. Mvua za mwaka juzi lori lilipinduka kwenye matope mbele ya Kilwa, ile yetu ya ziwa Mweru. Nyonga ikavunjika. Kwa kuwa Pweto ilikuwa karibu kuliko Lubumbashi, walimrudisha huko, kwa kaka yake Shafi, na huko nyonga ikaunga vibaya.

"Miye lori sipande tena," Habiba alisema kwa simu. "Ukuje na kitu ya chini, iko na mulango. Nitakaa nakungojea."

Sumaili akaahidi kufika kabla ya mvua. Mvua zikanyesha, zikakatika, hakufika. Mwaka huu Shafi alianza kumjengea dada yake vyumba viwili, na juma lililopita Habiba alipiga simu, sauti yake imetulia kwa namna ambayo Sumaili hakuipenda.

"Ukuta imefika juu, imebakia kutoboa mulango. Shafi ananiuliza mulango aweke iangalie wapi. Nimujibu nini?"

"Umuambie angojee. Nakuja."

"Mvua ikianguka mbele ukuje, Sumaili, nitamuambia aweke anapotaka."

Basi kila kitu kilikuwa hapo. Akifika kabla njia haijafungwa na matope, Habiba anarudi nyumbani. Asipofika, Habiba ana nyumba Pweto.

Jeep aliinunua kwa muuza magari wa njia ya Kasumbalesa, ikiwa imezeeka na usukani uko kulia kama ulivyotoka Ujapani. Aliuza kipande cha shamba, akauza na cherehani. Na unajua alianza kutengeneza nini? Si injini. Alikifungua kiti cha abiria, cha kushoto, akakipunguza kimo, akakijaza upya, kigumu mgongoni, laini upande wa nyonga. Akamwambia Fundi Chishimba achomelee kidato cha chuma chini ya mlango wa kushoto, ili Habiba apande bila kuinua mguu. Ndipo wakainua springi, wakatafuta matairi yenye meno, wakatengeneza bomba la hewa kwa bomba la maji machafu, likapanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, injini isinywe maji kwenye mito.

Kosa lake lilikuwa la mtu aliyemfikiria mke kabla ya serikali. Kwetu Kongo magari yanapita kulia, usukani unatakiwa kushoto, na gari lenye usukani wa kulia likionekana barabarani linakamatwa. Sumaili alilijua hilo kama kila mtu. Ila hakuwa amefikiri kwamba usukani ukihamia kushoto, Habiba naye anahamia kulia. Chishimba alipomaliza kukata dashibodi na kuhamisha usukani na pedali, kidato cha Habiba kilikuwa chini ya mguu wa Sumaili. Ikabidi ashone upya kiti cha kulia, maana sasa Habiba angekaa huko. Cherehani haikuwepo tena. Alikishona kwa mkono, ndani ya jeep, jioni baada ya jioni, baada ya kula.

Na saa ya mwendo ilibaki kulia. Kuihamisha kulikuwa kazi kubwa, Chishimba akaiacha palepale. Dereva anakaa kushoto, mshale wa mwendo unacheza mbele ya abiria.

"Mama Habiba njo atakusomea," Chishimba alimwambia. "Utauliza, tuko ngapi? Yeye atakuambia."

Katika yote yaliyofanyiwa jeep hiyo, Sumaili alilipenda hilo kuliko mengine.

Asubuhi hiyo aliendesha mpaka mjini bila wa kumsomea. Ilibaki kupata plaki tu, ile namba ya gari, kisha kesho alfajiri njia ya Pweto. Nyuma ya kiti alikuwa na bidoni mbili, madumu yaliyojaa mazuti, dizeli ya safari. Upande wa Kasenga mbingu ilikuwa imefunga, nyeusi kama sufuria ya msibani. Askari wa barabarani walimtazama, wakaona usukani uko kushoto, wakamwacha apite. Akasema moyoni, tumeshamaliza.

Ofisi ya magari ilikuwa na uwanja uliojaa magari yaliyozuiliwa. Majani yalikuwa yameota mpaka kwenye madirisha ya mengine. Aliyempokea alikuwa kijana mwenye shati safi na adabu nzuri. Alizungukia jeep mara moja, akasoma karatasi, akazungukia tena.

"Papa, karatasi ya mupaka inasema volani iko kuume."

"Ilikuwa kuume, chef. Sheria inasema ikuwe kushoto. Nikahamisha."

"Nani alikupatia ruhusa ya kuhamisha?"

"Sheria."

"Sheria inasema ikuwe kushoto. Haisemi weye uhamishe."

Sumaili alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Ulipashwa kuileta hapa vile ilitoka mupaka," kijana akaendelea, kwa upole, kama anayemfundisha mtu njia. "Volani kuume. Tunaiona, tunakupatia ruhusa, unahamisha, unarudisha, tunaiona tena. Sasa iyi karatasi ni ya motokari ingine. Iyi yako haiko mu karatasi."

"Na ningeileta hapa aje? Volani kuume, ba roulage, baaskari ba barabara, banaikamata pa rond-point ya kwanza."

"Ile ni kazi ya ba roulage. Si ya hapa."

Kijana akafungua mlango wa kulia, akakaa kwenye kiti cha Habiba, akakisikia kilivyomshika mgongo, akatulia kidogo. Kisha akaona saa ya mwendo mbele yake.

"Na iyi? Nani anasomaka mwendo?"

"Bibi yangu."

"Iko wapi?"

"Pweto. Naenda kumuchukua kesho. Mbele ya mvua."

Kijana akatoa kichwa nje, akatazama mbingu, akapumua. Pengine hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya ni rahisi, unawajua unawazoea.

"Papa, vitu ya volani anasaini expert. Expert alienda Kinshasa. Labda mwezi unaokuja, labda ule mwingine. Motokari itabakia."

"Chef, tuangalie namna."

"Namna gani?"

Pesa ya namna Sumaili hakuwa nayo. Kijana akageuza macho nyuma ya kiti.

"Ile bidoni ni ya nini?"

Watu wawili walikuja wakabeba mazuti, wakazunguka nyuma ya ofisi. Baada ya muda jenereta ikakohoa, ikakubali, na taa ya ofisini ikawaka, na feni juu ya meza ya kijana ikaanza kugeuka. Kijana akarudi na uso wa shukrani ya kweli.

"Aksanti, papa. Kwa ile, motokari yako tutaiweka ku kivuli."

Wakaisukuma wenyewe mpaka ukutani, chini ya kipande cha bati, kati ya basi dogo lisilo na vioo na pikapu ambayo kuku walikuwa wametaga ndani. Sumaili akaomba atoe vitu vyake. Wakamkubalia. Akaenda, akafungua mlango wa kulia, na safari hii hakuwa amekosea mlango. Akachukua spana, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya jeep, akaanza kufungua nati.

Mlinzi wa lango, mtu mzima mwenye koti la mvua, alisikia chuma kinalia, akaja.

"Eh, muzee. Unafungua nini?"

"Kiti."

"Hapana kufungua. Kiti ni ya motokari, na motokari imekamatiwa."

"Bamesema iyi motokari haiko mu karatasi," Sumaili akasema bila kuinuka. "Kama yeye haiko, kiti nayo haiko. Hamuwezi kukamata kitu haiko mu karatasi yenu. Ni kiti ya bibi yangu. Nilishona na mukono."

Mlinzi akasimama, akafikiri. Akageuka kutazama dirisha la ofisi ambako feni ilikuwa inazunguka, akatazama tena ile miguu miwili inayotokeza nje ya mlango. Nati ya mwisho ilikuwa na kutu na ilikataa. Mlinzi akavua koti lake, akalitundika kwenye kioo cha basi, akachuchumaa.

"Leta spana," akasema. "Weye unageuza mubaya, utaikata."

Akamsaidia hata kukiinua kichwani, na akamfungulia lango dogo, akiangalia pembeni kama mtu anayengoja mgeni mwingine.

Ndivyo Sumaili alivyotembea mjini akiwa na kiti cha jeep kichwani, mgongo wa kiti umesimama juu kama kofia ya askofu. Mtu akibeba kitanda hakuna anayemuuliza, mtu akibeba jeneza wanamwondokea njia, lakini kiti cha gari kina maneno yake. Katika mtaa wa Makomeno, mbele ya kuta ndefu zenye nyaya za miba, mmoja aliuliza kama anakiuza. Muuza vocha akamwambia, "Papa, motokari ilikimbia ikakuachia kiti?" na waliokuwa karibu naye wakapata cha kucheka mpaka jioni. Sumaili alipita. Siku nyingine angekuwa na jibu. Shingo ilimuuma, na kwa kila hatua vyuma vya chini vya kiti vilimgonga bega.

Mvua haikuanza kwa matone. Ilianguka yote. Akakimbilia chini ya baraza ya duka la dawa lililofungwa, akashusha kiti, akavua shati akakifunika pale palipokuwa na mto laini, akabaki na fulana. Vumbi la mji mzima likainuka na ile harufu ambayo watu wa Lubumbashi wanaingoja tangu Juni. Barabarani watu walikuwa wanakimbia wakicheka. Ni mvua ya kwanza, na mvua ya kwanza inafurahisha kila mtu.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Habiba akauliza. "Nasikia kama bantu banakaanga mahindi."

"Ni mvua. Ku mabati."



"Huku bado," Habiba akasema. "Huku kunawaka jua mupaka sasa."

"Nilimaliza kiti. Upande ya nyonga niliweka laini mara mbili."

"Unakuja kesho?"

Sumaili akakitazama kiti. Tone lilikuwa limepenya kwenye shati. Akalisukuma pembeni kwa kidole.

"Kiti niko nayo hapa," akasema.

"Na motokari?"

Kwa mbali, nyuma ya pumzi ya mkewe, alisikia nyundo inagonga chuma, inapumzika, inagonga tena. Shafi alikuwa juu ya paa.

"Lori sipande, Sumaili."

"Najua."

"Sikufungie roho, sikukasirikie. Nauliza tu. Mulango nimuambie aweke iangalie wapi?"

Maji yalikuwa yanateremka mtaroni yakiwa mekundu, yamebeba chupa na maganda ya ndizi. Sumaili alikivuta kiti karibu na ukuta.

"Iangalie ku barabara."

"Ku barabara," Habiba akasema. "Ni muzuri. Nitamuambia." Na salio lake likaisha.

Alifika Annexe mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu. Njia ya kuingia parselini ilikuwa matope, na ndani, pale jeep ilipokuwa imekaa, palikuwa na doa la mafuta lililotanda juu ya maji na kutoa rangi zote. Juu yake kamba ya Mama Mado ilikuwa imejaa nguo kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuwa ameanika asubuhi ileile, jeep ilipogeuka tu kona, mashuka, sare za shule, kitenge cha msiba, na mvua ilivikuta vyote kamba nzima ikiwa yake. Yeye na Julienne, binti yake mkubwa, walikuwa wanavitoa sasa, vinatiririka maji.

Mama Mado alimwona kwanza. Aliona miguu yenye matope, fulana iliyogandana na mwili, na kile kitu kichwani. Akaangalia nyuma yake, kwenye njia, kama vile jeep ingeweza kuwa inakuja taratibu nyuma ya mwenyewe. Milango mingine mitatu ikafunguka kidogo. Wenye parseli ile, ambao hata paka akikohoa wanataka kujua amekula nini, walichungulia tu, wakarudisha milango.

"Nitaondoa hizi zote," Mama Mado akasema mwishowe, mkono kwenye kamba. "Iingie. Kama inakuja."

"Wacha, mama. Anika tu. Kamba ni yako."

Sumaili akakishusha kiti mbele ya mlango wake, akapapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Mama Mado akampa Julienne nguo alizoshika, akafuta mikono kwenye kitenge chake. Kutoka nyumbani kwake kulikuwa kunatoka moshi wa makaa na kelele za watu waliorudi kilioni, wakibishana kwenye mikeka juu ya nani amekaa pa nani.

"Kukula iko tayari," akasema. "Ni samaki. Nyama ya nguruwe nilibapikia bale bengine mu sufuria ingine, usiogope."

"Aksanti, Mama Mado. Nimeshakula."

"Umekulia wapi?" Mama Mado akauliza. "Motokari haiko."

Sumaili alikuwa ameshapata ufunguo. Aliushika mkononi, hakuuingiza mlangoni. Mama Mado akatembea mpaka kwake juu ya mafuta na maji, akashika kile kiti upande mmoja, akajaribu uzito wake, akamtazama asogee upande wa pili.

"Shika kule," akasema. "Twende nayo. Viti yote iko ku kilio, kama hauna yako utakulia wima."